Mwizi Ana Mteja

Maandiko: Mithali 29:24, Waefeso 4:28



Juzi hapa Tuwan nduru ilipigwa saa tisa usiku. Kijana alikuwa ameshikwa na mtungi wa gesi wa wenyewe. Nilipofika, tairi lilikuwa limeshaletwa. Wazee wawili wa nyumba kumi walisimama mbele yake mpaka polisi wakaja, na kwa hilo tunamshukuru Mungu. Lakini yale maneno niliyoyasikia pale hayajanitoka.

Mmoja alisema, "Huyo amezaliwa mwizi, hata babake alikuwa hivyo." Neno hilo si geni. Mwaka 1876 daktari Mwitaliano, Cesare Lombroso, alitoa kitabu akidai kuna watu wanaozaliwa wahalifu, na kwamba unaweza kuwajua kwa umbo la kichwa na taya. Wasomi waliomfuata walimkataa. Ezekieli alikuwa ameshajibu zamani: soma sura ya 18, mwana habebi uovu wa baba yake.

Mwingine akasema, "Ni umaskini." Mmarekani Robert Merton aliandika mwaka 1938 kwamba jamii ikimfundisha kila mtu kuwa pesa ndiyo heshima, kisha ikawafungia wengine mlango, baadhi yao watapitia dirishani. Kuna ukweli hapo. Aguri katika Mithali 30 aliomba asipewe umaskini, asije akaiba. Lakini wapendwa, wangapi hapa wamelala njaa na hawajaiba?

Wa tatu akasema, "Ni marafiki." Edwin Sutherland, Mmarekani pia, alifundisha kwamba uhalifu hujifunzwa kwa wenzako, kama vile mtu anavyojifunza ufundi. Ndiyo maana Mithali sura ya kwanza inamwonya mwana juu ya wale wanaomwambia twende pamoja.

Hakuna aliyetaja la nne, nami nililisoma darasani la biashara. Mwaka 1968 mwanauchumi Gary Becker aliandika kwamba mhalifu hupiga hesabu: nitapata nini, nikishikwa je, adhabu ni gani? Mhubiri 8:11 inasema karibu hivyo hivyo: hukumu ikichelewa, mioyo inajipa nguvu ya kutenda maovu.

Sasa tupige hesabu sisi wenyewe. Hakuna mtu anapeleka bidhaa mahali hakuna mnunuzi. Yule kijana hakutaka kupikia ule mtungi, alikuwa na mteja. Mteja ni nani? Simu ya elfu kumi na tano ikiletwa kwako kwa elfu tatu, usiku, bila boksi wala risiti, roho yako inajua. Kifungu cha 322 cha sheria ya makosa ya jinai ya Kenya kinasema anayepokea mali akijua ni ya wizi anaweza kufungwa hadi miaka 14. Na Mithali 29:24 inasema anayeshirikiana na mwizi anaichukia nafsi yake mwenyewe.

Siwanyoshei kidole. Nikiwa chuoni nilinunua simu ya namna hiyo, nikasema ni baraka. Kumbe kuna mtu alikuwa akiililia.

Nadharia hizi zinaeleza, lakini hazisafishi dhambi. Yakobo 1:14-15 inasema kila mtu huvutwa na tamaa yake: ya mwizi, na ya mteja pia. Na damu ya Yesu inatutosha wote wawili. Zakayo alirudisha. Mwizi pale msalabani alipokelewa.

Waefeso 4:28 inamtaka mwizi aache kuiba, afanye kazi kwa mikono yake, awe na cha kumpa mhitaji. Basi wiki hii, kama una kitu usichoweza kueleza kilikotoka, njoo tuongee, tutakisindikiza pamoja kwa chifu. Kama una karakana, duka au shamba, mpe kijana mmoja kibarua. Na yule wa mtungi akirudi mtaani, asikute tairi. Akute benchi ya kanisa ina nafasi.

Amina.