Machozi ya Kuigiza na Deni la Mtazamaji

Je, kumlilia mtu asiyekuwapo ni tendo la kiadili? Katika barua yake kwa d'Alembert ya mwaka 1758, Rousseau alidai kwamba machozi ya ukumbini hayamgharimu mtazamaji chochote: humridhisha nafsi, akaondoka akidhani amekwisha kutimiza wajibu wake kwa wanaoteseka. Shutuma hii inazigusa pia tamthilia za televisheni za Korea Kusini, ambazo husifiwa sana kwa uwezo wa kuwaliza watazamaji.

Tuchukue mfano wa Our Blues (2022), tamthilia ya Noh Hee-kyung ambayo mandhari yake ni kisiwa cha Jeju. Kim Hye-ja anaigiza Ok-dong, mama mzee asiyejua kusoma. Lee Byung-hun anaigiza Dong-seok, mwanawe mchuuzi. Baada ya kufiwa na mume na binti, Ok-dong aliingia katika nyumba ya mwanamume mwenye mke, akamkataza mwanawe kumwita mama. Humo Dong-seok alipigwa na wana wa mwenye nyumba, naye mama akijua. Sasa mama anakufa kwa saratani, na mwana anadai maelezo.

Kim anaijibu dai hiyo kwa uso mkavu na sauti ya chini. Radhi tunayoitarajia haiombi. Diderot alishikilia kwamba mwigizaji hodari haathiriwi na hisia anazozionyesha, ilhali Stanislavski alisisitiza ukweli wa hisia za ndani. Kwa maoni yetu, mjadala huo unaliacha kando swali la msingi zaidi, yaani, mwigizaji anamwachia mtazamaji kazi gani? Lau Kim angelia, angetuamulia kesi: Ok-dong angekuwa mtu wa kuhurumiwa tu. Kwa kujizuia, anatulazimisha kupima mambo mawili kwa pamoja, unyonge wa mjane na haki ya mtoto. Sisi tuliolelewa kuthamini kujikaza tunaonyeshwa hapa kwamba kujikaza kwaweza kuwa ushujaa, na papo hapo kukawa njia ya kulikwepa deni.

Dong-seok anapomkumbatia mama na kuangua kilio, mama amekwisha kukata roho, baada ya kumpikia mwanawe mchuzi aupendao. Nguvu ya uigizaji wa Lee imo katika kuchelewa huko. Kilio kinatoka wakati ambapo hakuna wa kukisikia; hivyo hakilipi deni, bali kinalidhihirisha.

Rousseau basi alikuwa na haki kuhusu machozi yanayofunga kesi. Yapo mengine yanayoiacha wazi, na hayo humgharimu mtazamaji utulivu wake. Mhakiki asiishie kuuliza hadhira imelia kiasi gani. Aulize pia imebaki na hukumu gani ambayo mwigizaji amekataa kuitoa kwa niaba yake.