Nyimbo za Aliyeokoka

Mwaka 1993 Joseph Kamaru, mwimbaji mzaliwa wa Kangema, Murang'a, alitangaza kwamba ameokoka na kwamba nyimbo za kidunia hataziimba tena. Akaivunja bendi yake, Kamaru Super Stars, akageukia injili. Nyuma yake aliacha rekodi za karibu miaka thelathini. Alifariki Oktoba 2018, na mjukuu wake, ambaye pia anaitwa Joseph Kamaru na katika muziki wa kielektroniki anajulikana kama KMRU, amekuwa akizitoa upya rekodi za babu yake mtandaoni. Kwa mpenzi wa santuri za kale hiyo ni habari njema tu. Kwetu Kabazi na Subukia yote, kaunti ya Nakuru, ni jambo lenye uzito mwingine, kwa sababu huku mugithi, muziki wa gitaa wa baa, wa Jumamosi usiku na ngoma za kanisa la Akorino za Jumapili asubuhi husikika katika kijiji kimoja, na mahujaji hupanda kwenda kwenye kituo cha hija cha Bikira Maria wa Subukia wakipita mbele ya baa. Mtu akishaziacha nyimbo zake kwa ajili ya Mungu, sisi tuliobaki tuna ruhusa gani ya kuziokota, kuzipanga na kuzipiga?

Naamini ruhusa tunayo, na zaidi ya hapo, mkusanyo wenyewe unapaswa kuwa kamili. Wapenzi wa jazi Marekani wana desturi ya kukusanya ndani ya kasha moja kila alichorekodi kiongozi wa bendi katika kipindi fulani. Kampuni ya Mosaic ilianza biashara hiyo mwaka 1983 kwa rekodi zote za mpiga piano Thelonious Monk alizoifanyia kampuni ya Blue Note, pamoja na majaribio ambayo hayakuwa yametolewa. Kwa Monk hapakuwa na ugumu, maana hakuna alichokikana. Anayetufaa zaidi ni Mary Lou Williams, mpiga piano mwingine aliyeongoza bendi zake mwenyewe. Mwaka 1954 aliuacha muziki ghafla akiwa Paris, akaingia katika sala na huduma kwa maskini, na mwaka 1957 akabatizwa Mkatoliki. Mapadre waliokuwa karibu naye ndio waliomhimiza arudi kwenye piano. Mwaka huohuo wa ubatizo alipanda jukwaa la tamasha la jazi la Newport pamoja na mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie, akapiga sehemu za Zodiac Suite, kazi aliyoitunga miaka ya arobaini juu ya nyota za unajimu. Fikiria hilo: mwongofu mpya, maji ya ubatizo hayajamkauka, anapiga muziki wa nyota za bahati. Ukristo wake haukuvunjika kwa hilo. Baadaye alitunga misa, na mwaka 1975 ikapigwa katika kanisa kuu la Mtakatifu Patrick, New York. Asiyesikia Zodiac hawezi kujua misa ile ilitokea wapi.

Lakini Williams alirudi, na Kamaru alikata shauri kuacha, kwa hiyo mfano wa Newport pekee hautoshi. Inabidi tuulize toba yenyewe hufanya nini na yaliyopita. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini nchini Rwanda na kufika Kenya mwishoni mwa miaka ya thelathini, ulilijibu swali hili mapema. Ndugu waliookoka, wale ambao Wakikuyu waliwaita Ahonoki, hawakuyafunika waliyoyafanya. Walisimama mbele ya mkutano wakayataja: wizi, ulevi, chuki dhidi ya jirani. Ushuhuda usiokuwa na jana ungekuwa maneno matupu, kwa sababu neema haionekani ila kwa kupimwa dhidi ya kile ilichokikuta. Karne kumi na tano kabla yao, Agostino, askofu wa Hippo, mji ulio katika nchi ambayo leo ni Algeria, alifika uzeeni akiwa na vitabu vingi, na vingine vilimkera. Hakuvichoma. Karibu na mwaka 426 alianza kuvipitia kimoja baada ya kingine, kazi tisini na tatu, tangu vile alivyoviandika kabla hajabatizwa, akionyesha alipokosea na alipokuwa sawa. Alitaka msomaji amfuate kwa utaratibu ule ule aliokua nao. Huo, kwa hakika, ni mkusanyo kamili wenye sauti ya mwenye kazi ndani yake.

Kuna jambo jingine ambalo mahubiri hulisahau: rekodi yenye jina la kiongozi wa bendi si mali ya roho moja. Katika nyimbo za mwanzo za Kamaru anasikika dada yake, Catherine Muthoni, na nyuma yao wapiga gitaa. Kamaru angeweza kuutubia mkono wake mwenyewe, si koo la dada yake, kwa maana toba haina uwakala. Tena si kila wimbo wa kidunia ni wa dhambi. Wimbo wake Ndari ya Mwarimu uliwakemea walimu wanaowatongoza wasichana wa shule, na walimu walikasirika mno. Alipouawa mbunge J.M. Kariuki, Machi 1975, Kamaru alimwombolezea kwa wimbo uliopigwa marufuku. JM alikuwa mzaliwa wa Kabatini, si mbali na Kabazi, na maombolezo yale huku yalikuwa ya nyumbani. Kulikemea tendo ovu na kumlilia aliyeuawa ni kazi ambayo Amosi na Yeremia waliifanya bila kumwomba mtu radhi. Sisemi nyimbo zote ziko hivyo. Mwaka 1980 alisafiri na Rais Moi kwenda Japan, akatoa wimbo wa kumsifu, na mkusanyaji mwenye haya angependa kuupitisha kimya. Asiupitishe.

Watu wa kanisa wana hoja mbili nzito. Ya kwanza ni Efeso: katika Matendo 19 waumini waliokuwa wachawi walivileta vitabu vyao vikachomwa hadharani, thamani yake ikihesabiwa vipande hamsini elfu vya fedha. Mfano mzuri, ila waliochoma walikuwa wenye vitabu, na vitabu vilikuwa vya kuwaroga wengine, si vya kuwalilia marehemu. Na Luka hakuificha habari; aliandika hata bei. Hoja ya pili inanisumbua zaidi. Paulo aliwaonya Wakorintho wasile nyama iliyotolewa kwa sanamu mbele ya ndugu mwenye dhamiri dhaifu. Yuko mtu aliyeacha chang'aa mwaka jana, na gitaa lile likilia ndani ya matatu, miguu inamkumbusha njia ya baa. Hapo sina jibu la kijanja. Anayemjua mtu huyo azime redio. Ila Paulo aliwazuia wenye nguvu wasile mbele ya dhaifu. Hakuagiza machinjio yafungwe. Kuhifadhi rekodi ni jambo moja, kuipiga mahali popote wakati wowote ni jambo jingine, na watu wazima wanaweza kuyatofautisha.

Bado iko haki ya Kamaru mwenyewe, na ni haki halisi. Marehemu hana haki ya kufuta masikio ya watu waliokwisha kumsikia, hasa pale nyimbo zilipobeba msiba wa nchi. Anayo haki ya kutopotoshwa. Mkusanyo unaokomea mwaka 1992, ukiuza ujana wake na kuzitupa nyimbo zake za injili kwa sababu hazichezeki, utakuwa umemsaliti zaidi ya kasha lolote lenye kila kitu. Wauzaji wa muziki wa kale wana mazoea ya kuitupa injili hivyo, na makanisa yana mazoea ya kutupa yaliyotangulia; wote wawili wanamkata mtu katikati. Kwa hiyo atakayekusanya kazi ya Kamaru azipange rekodi kwa miaka, aweke mwaka 1993 mahali pake, aandike wazi kwamba hapo mwimbaji alisema amekoma, kisha aendelee na nyimbo za injili hadi ya mwisho.