Mkono wa Nani Utashuhudia?

Sura ya Yasin, ambayo Waislamu wengi wa mwambao wanaijua kwa moyo, inaeleza kwamba Siku ya Hesabu vinywa vitafungwa na mikono ndiyo itakayosema yale watu waliyoyachuma. Kwa karne nyingi hapakuwa na haja ya kuuliza mikono ya nani. Haja hiyo ilizuka Septemba 23, 1998, pale madaktari wa Lyon, Ufaransa, wakiongozwa na Jean-Michel Dubernard, walipompandikizia Clint Hallam wa New Zealand mkono wa mtu aliyefariki. Mkono ule ulikuja na matendo ya mtu mwingine, mengine hayajulikani ila kwa Mungu. Utamshuhudia nani? Swali hili si la kupoteza muda barazani. Ndani yake mna swali jingine linalomhusu kila mwenye mwili: ni kitu gani hasa kinachoufanya mkono uwe wangu?

Jibu la haraka ni kwamba ni wangu kwa kuwa nimezaliwa nao. Jibu hilo halisimami. Aristotle alikwisha kusema kwamba mkono uliokatwa ni mkono kwa jina tu, maana hauwezi tena kazi ya mkono. Na hebu tuutazame upasuaji wenyewe. Mifupa huungwa kwa vyuma na skrubu. Mishipa ya damu, kano na mishipa ya fahamu hushonwa, ile midogo chini ya hadubini, kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Damu ikianza kupita, kiganja hupata joto na rangi hurudi. Lakini mchome mgonjwa sindano kwenye kidole, hana habari. Nyuzi za fahamu za marehemu hufa, zikabaki njia zake tu, na nyuzi za mgonjwa mwenyewe ndizo zinazotambaa humo kutoka kwenye kigutu, takriban milimita 1 kwa siku. Ncha za vidole husubiri miezi mingi, na miezi yote hiyo mgonjwa yuko mazoezini, akikunja na kukunjua, akishika na kuachia. Siku atakapohisi ubaridi wa glasi ya maji, ngozi itakuwa ya marehemu, ila fahamu inayopita ndani yake imeota kutoka kwake yeye aliye hai. Ubongo nao hujipanga upya. Denis Chatelier alipandikizwa mikono yote miwili Lyon mwaka 2000, na vipimo vilivyochapishwa mwaka uliofuata vilionyesha sehemu ya ubongo inayoendesha mikono ikirudi mahali pake. Kwa hiyo nasema: mkono huwa wa mtu kwa kuhisi na kutenda kupitia huo, na kwa kuwajibika kwa ulichotenda. Na kama ni ushahidi, shahidi aliyehama mtaa hasahau aliyoyaona mtaa wa kwanza. Mkono mmoja waweza kusema ya wawili bila kuyachanganya, kwa kuwa mtenda dhambi ni mtu, si vidole vyake.

Atakayepinga atasema hisi hudanganya. Mwaka huohuo wa 1998, watafiti Botvinick na Cohen walieleza jaribio lao: mkono halisi wa mtu unafichwa, mkono wa mpira unawekwa mbele yake, yote miwili inapigwapigwa kwa brashi kwa pamoja, na baada ya muda mfupi mtu anahisi ule wa mpira ni wake. Ni kweli, na ndiyo sababu sikuishia kwenye kuhisi. Mkono wa mpira hauwezi kuiba wala kutoa sadaka, na hakuna atakayeulizwa kwa ajili yake.

Wengine watamtaja Hallam mwenyewe. Aliacha dawa za kushusha kinga ya mwili, akasema akilini anajiona ametengana na mkono ule, na Februari 2001 ukakatwa London kwa ombi lake. Wapo wanaouona huo kuwa ushahidi kwamba mwili haupokei cha mwingine. Mimi naona nyama ilikuwa imeshika, na kilichokatika ni ule utunzaji wa kila siku ambao ungeufanya uwe wake. Lakini sipendi kumtupia lawama zote, maana dawa hizo humezwa maisha yote, na zaweza kuleta maambukizi, kisukari, madhara ya figo, hata saratani. Hapa ndipo pingamizi zito lilipo: mwili ni amana, figo huokoa uhai, mkono hauokoi. Kwa aliyebakiwa na mkono mmoja mzima, nakubali kwamba hatari hiyo ni vigumu kuihalalisha. Asiye na hata mmoja hali yake ni nyingine: hulishwa, hutawazwa, hufutwa machozi na wengine. Zion Harvey, mtoto wa miaka 8 aliyepandikizwa mikono miwili Philadelphia mwaka 2015, alikuwa tayari anameza dawa hizo kwa ajili ya figo aliyopewa na mama yake; kwake yeye mzani uliinama wazi.

Kinachobaki ni haki ya marehemu. Baraza la Fiqhi la Kiislamu lilipotoa uamuzi wake Jeddah mwaka 1988, liliruhusu kuchukua kiungo cha maiti kwa masharti, ridhaa ya marehemu au warithi wake ikiwa mojawapo. Kwa mkono, ridhaa ya jumla haitoshi. Nchini Marekani aliyejiandikisha kutoa viungo hahesabiwi kuwa ametoa mikono. Ni lazima idhini yake itafutwe peke yake, na ni sawa, kwa sababu figo haionekani, bali mkono mjane aweza kuutambua. Familia ikikataa, isiambiwe kwamba imekosa imani au huruma.