Uzito wa Dhara



Tulipokuwa Nairobi tulialikwa kusomesha baada ya sala ya Magharibi huko Kibera, mtaa ulioanzishwa na askari Waislamu wa Kinubi waliotoka Sudani na kulitumikia jeshi la Kiingereza. Tulieleza kwa fahari kwamba Wazungu wameijua atomi jana tu, hali Qur'ani imekwisha taja dhara tangu zamani, na katika Surat Yunus na Surat Saba imetaja hata kilicho kidogo kuliko dhara. Watu wakaleta takbiri.

Tulipomaliza, kijana mmoja aliyekuja kwa miguu kutoka Kawangware, naye ni mwanafunzi wa fizikia, alituuliza kwa adabu: "Sheikh, ikiwa tulikuwa nayo khabari hii tangu kale, mbona hatukuwa sisi tulioigundua?" Hatukuwa na jawabu.

Tumerejea vitabuni. Wafasiri wa kale walieleza kuwa dhara ni chungu mdogo kabisa, au vumbi lionekanalo katika mwali wa jua upenyao dirishani. Waarabu wa leo ndio walioiita atomi kwa jina hilo. Wanazuoni wa ilimu ya kalamu nao walikhitilafiana juu ya jawhar fard, yaani sehemu isiyogawanyika. Lakini walishindana kwa hoja, hawakupima kwa vyombo.

Waliopima ni wengine. Mwaka 1897, J. J. Thomson wa Cambridge alidhihirisha elektroni, kitu kidogo kuliko atomi. Mwaka 1909, huko Manchester, wasaidizi wa Rutherford walirusha chembe juu ya dhahabu iliyofuliwa nyembamba mno. Nyingi zikapita kana kwamba hapana kitu, chache zikarudi nyuma. Mwaka 1911 Rutherford akatambua kuwa karibu uzito wote wa atomi umo katika kiini kidogo sana. Lau atomi moja ingekuzwa ikawa na upana wa kilomita moja, kiini chake kisingefika ukubwa wa chungwa. Mwaka 1932 Chadwick akagundua nyutroni ndani ya kiini hicho. Na mwaka 1964 wataalamu wakatoa rai kwamba protoni na nyutroni zenyewe zimeundwa kwa vitu vidogo zaidi viitwavyo kwaki, na majaribio yakaja yakathibitisha.

Basi zingatieni. Ilimu hii husonga mbele kwa kujisahihisha. Tukiifunga imani ya kijana juu ya maneno ya wataalamu wa leo, siku watakapoyabadili atadhani Kitabu ndicho kilichobadilika. Na dhambi hiyo itakuwa yetu sisi tuliomfungia, si yake.

Tena tutazame dhara imetajwa kwa ajili gani. Kila mtoto wa chuoni ameihifadhi Surat Az-Zalzala, na humo dhara imetajwa katika hesabu ya amali, za kheri na za shari. Mwenyezi Mungu ameiweka mizanini. Sisi tumeiondoa mizanini tukaifanya pambo la kujifakharishia.

Usiku ule ule kijana yule alikuwa akitafuta msaada wa kununua vitabu vyake vya masomo. Bakuli likapitishwa. Wale waliopaza takbiri kwa ajili ya atomi walitoa fedha zisizotosha kitabu kimoja. Nasi tuliokuwa tukisomesha, twaona haya kusema, tulitoa pungufu ya nauli yetu ya kurudia tulikofikia.

Hilo ndilo jawabu la swali lake, wala hatukuhitaji kulitafuta vitabuni. Hatukuigundua kwa sababu tumependa kusifiwa kwa ilimu kuliko kuigharimia. Anayetaka kuitukuza Aya ya dhara na amsaidie mtoto mmoja, wa Kibera au wa mtaani kwake, apate kusoma. Hata kama ni kwa kitabu kimoja. Kitu hicho ni kidogo, lakini kina uzito.

Wabillahi tawfiq.