Kadari na Uzembe

 

Mtu apatwapo na hasara, neno la kwanza kinywani mwake ni kwamba yaliandikwa. Neno hili ni la haki, wala asiyeamini kadari hana imani kamili. Illa yapasa kutazama lanenwa wakati gani na kwa ajili gani. Mwenye jahazi asiyetia kalafati mwaka mzima, kisha chombo kikaingia maji, naye akaketi barazani akisema ni amri ya Mungu, amesema kweli juu ya Mungu na ameificha kweli juu ya nafsi yake. Pamba na sifa vilikuwako dukani.

Sayyidna Umar bin al-Khattab (R.A.) alisafiri kwenda Sham, na alipofika Sargh akalakiwa na majemadari wake kwa habari ya tauni. Hakuamua kwa haraka. Aliwaita Muhajirina, kisha Ansari, wakakhitalifiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, nao wote wakamshauri kurudi. Alipoazimia, Abu Ubaida bin al-Jarrah akamwuliza kama aikimbia kadari ya Mungu. Umar akajibu kwamba ndiyo, aikimbia kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu. Akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeshuka bonde lenye upande wa majani na upande mkavu, ambaye popote alishapo hatoki katika kadari. Kisha Abdurrahman bin Auf akaleta hadithi ya Mtume (S.A.W.) kwamba nchi yenye tauni isiingiwe, na aliyemo asitoke kwa kuikimbia. Umar akarudi Madina. Abu Ubaida akabaki na jeshi lake, akafa kwa tauni ya Amwas mwaka wa 18 wa Hijra (639).

Hadithi ni moja, na wajibu wa watu wawili ukawa mbalimbali, kwani kila mmoja alitazama mahali aliposimama kweli.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka wa 505 (1111), aliifananisha nafsi na mshirika wa biashara, ambaye lazima ahesabiwe faida na hasara. Watu wa pwani waijua daftari vyema, ingawa wengi huifungua kwa madeni ya wenzao tu. Baba ambaye mwanawe ametoka chuoni hajui kusoma hunena kuwa hakujaaliwa. Ni mara ngapi alikwenda kumwuliza mwalimu?

Wala hesabu ya haki haimtwiki mtu yasiyo yake. Aliyemtafutia mwanawe tabibu, akanunua dawa, akakesha naye, kisha mtoto akafa, huyo anaposema yaliandikwa hana alichokificha.