Je, Gari Hili Bado ni Lile?

Likizo ya mwisho wa mwaka nilifanya kazi Masha, ambako hupita tukitoka Nakivale kwenda Mbarara. Mjomba wangu, fundi wa magari, alikuwa ameitwa na mzee mmoja afufue Peugeot 504 ya marehemu baba yake. Gari lilikuwa limelala miaka mingi chini ya mti wa fenesi, kuku wakitagia kwenye kiti cha nyuma. Mzee hakutaka lipelekwe gereji ya mjini. Alitaka kazi ifanyike nyumbani, akiona.

Watu wazima wa huku huliita Pijo na hawahitaji maelezo. Lilitoka Ufaransa mwaka 1968, likashinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Siku hizi spea zake unazitafuta kwenye magari yaliyokufa. Tulibadilisha pistoni, kabureta, radieta, nyaya zote. Sakafu ilikuwa imeliwa na kutu hadi unaona nyasi chini. Mjomba akaikata na kuchomelea bati jipya.

Nilipokuwa nikipiga msasa milango, nilikumbuka swali la darasani. Plutarch aliandika kwamba Waathene waliitunza meli ya Theseus kwa kubadilisha kila ubao uliooza, hadi wanafalsafa wakabishana kama ni meli ile ile. Baadaye sana Thomas Hobbes, Mwingereza, akaongeza: je, kama mtu angeziokota mbao zote za zamani akaunda nazo meli ya pili, ya kweli ni ipi?

Serikali ina jibu rahisi: namba ya chesisi. Sisi wakimbizi tunalijua jibu la namna hiyo. Mtoto wa miaka sita aliyetoka Rutshuru simkumbuki vizuri, wala hakuwa na lugha nilizo nazo leo, lakini kadi inasema ndiye mimi. Basi nikaona gari nalo ni lile lile, nikaridhika.

Kisha likaja jambo la usukani. Ulikuwa umepasuka, ukiukunja kwa nguvu unacheza mkononi. Mjomba akanituma Mbarara, nikapata mwingine wa 504, umezeeka vilevile. Tuliufunga siku mzee alipokwenda mazikoni, na hatukusema neno.

Injini ilipowaka, mzee alipanda akaushika usukani kwa mikono miwili. Alikaa kimya. Halafu akasema, kwa Kiswahili chake cha jeshini, "Hapa ndipo mikono ya baba ilikaa." Mjomba akanitazama. Mimi nikatazama chini.

Usiku nilimpa mjomba falsafa yangu yote. Mzee alijua tunabadilisha vyuma, nikasema, na pistoni hakuzililia. Mjomba akajibu, "Pistoni hakuna aliyezishika."

Jibu hilo lilinikosesha usingizi. Wanafalsafa waliuliza juu ya mbao, lakini sikuwa nimejiuliza ni nani anayeuliza, na anatafuta nini kwenye meli hiyo. Kwa fundi, gari ni lile lile likitembea. Kwa askari wa barabarani, namba zikilingana. Mzee alikuwa akitafuta mahali palipoguswa na baba yake, na hapo ndipo tulipomdanganya bila kufungua mdomo. Mtu ataniambia furaha yake ilikuwa ya kweli, kwa nini niivunje? Nami nilijiambia hivyo siku mbili nzima. Lakini ile salamu yake ilikwenda kwa mikono ya mtu asiyemjua. Tena, nilianza kuona kwamba Theseus nilimpenda kwa sababu alinipa pa kujificha.

Usukani wa zamani sikuutupa. Ulikuwa kwetu Nakivale, ndani ya gunia chini ya kitanda, kama mbao za Hobbes. Jumamosi niliupeleka Masha.

"Mzee, nisamehe," nilisema. "Huu ndio wa baba."

Aliupokea, akapitisha kidole gumba kwenye ufa, polepole, mzunguko mzima. Nilingoja matusi.

"Na ule ulio ndani ya gari," akauliza, "ulikuwa wa nani?"

Nikamwambia sijui, niliununua kwa watu wanaokata magari. Akaliangalia gari kwa muda, kisha akaingia nyumbani na usukani wake, akafunga mlango.