Sita Imekataa: Je, Nimerogwa?



Ukipita Tunduma, pale malori yanaposubiri kuvuka kwenda Nakonde, si ajabu kukuta watu wanacheza ludo. Sheria unaijua: bila sita, kete haitoki nyumbani. Na kuna yule ambaye sita inamkataa kabisa. Anarusha mara kumi, wapi! Wenzake wanacheka: "Huyu ana mkosi."

Pale ni utani. Shida ni pale tunapoyahamishia maneno hayo kwenye maisha. Usaili wa tatu umekosa, kahawa ya Mbozi haijazaa, mtoto anaugua, na swali linakuja: "Nani kanifanyia hivi?"

Hebu tufanye jaribio. Fungua Excel, kwenye kisanduku kimoja andika =RANDBETWEEN(1,6). Hiyo ni dadu yako. Inakili mpaka visanduku vifike kumi kwenda kulia. Mstari huo ni mchezaji mmoja aliyerusha mara kumi. Kisha shusha mpaka mstari wa 1,000. Sasa hesabu wangapi hawakupata sita hata moja.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Kila ukirusha, nafasi ya kukosa sita ni 5 kati ya 6. Zidisha sehemu hiyo kwa yenyewe, zikiwa kumi, unapata kama 0.16. Yaani kati ya wachezaji 1,000, kama 160 hivi watatoka kapa. Bonyeza F9, dadu zote zinarushwa upya: idadi inabaki karibu na hapo, ila safari hii wamekosa wengine.

Wale 160 nani kawaroga? Hakuna. Mle ndani hakuna jirani mwenye wivu wala shangazi mwenye macho mekundu. Na hakuna mstari uliotenda dhambi kuliko mwingine. Kumbe mfululizo wa mikosi, peke yake, si ushahidi dhidi ya mtu yeyote.

Utasema maisha siyo Excel. Kweli. Kahawa ina magonjwa yake, na mtoto anahitaji kupimwa hospitali. Sababu hizo zitafutwe. Lakini kutafuta sababu na kutafuta mchawi ni vitu viwili. Katika nchi yetu wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na Katekisimu (2116–2117) inakataa kupiga ramli na uchawi, hata ukiitwa wa kujikinga.

Yesu naye aliulizwa maswali haya. Wanafunzi walitaka kujua nani alitenda dhambi hata mtu akazaliwa kipofu. Akakataa hesabu hiyo (Yohane 9). Kuhusu watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alisema hawakuwa wakosefu kuliko wenzao, kisha akawageuzia wasikilizaji: tubuni ninyi (Luka 13).

Basi Mungu yuko wapi? Mtakatifu Tomaso wa Akwino anatoa mfano wa watumishi wawili wanaokutana. Kwao ni bahati tu, lakini bwana wao alijua kwamba watakutana. Bahati ni jina la kile tunachokiona kutoka chini. Maongozi ya Mungu hayafuti bahati, wala hayafuti uhuru wetu.

Na uhuru huo upo hata kwenye ludo. Namba huichagui, ila kete ya kusogeza unaichagua. Siku sita ikikataa, bado unachagua: kumshtaki bibi wa jirani, au kuvumilia, kusali na kujaribu tena.

Swali la tafakari: kuna mtu uliyemnyima salamu kwa sababu ya mkosi ambao huna ushahidi kwamba yeye ndiye aliyeuleta? Wiki hii nenda kamsalimie.

Ee Bwana, utuondolee hofu inayotufanya tuwaone ndugu zetu kuwa maadui. Amina.